Uzi maalumu: Theluji ya Aprili na Mei huku Colorado. Kabla hujarudisha koleo stoo, pita hapa

Semi_la_Aurora (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kila ikifika mwezi wa nne simu ninazopokea ni zile zile. Mtu kahamia huku kutoka Texas au Arizona, kaona wiki mbili za jua, majirani wanachoma nyama nje na kaptula, naye kaamua winta imeisha. Koleo stoo, koti kabatini, miche ya nyanya ardhini. Halafu asubuhi moja gari halionekani, na mimi ndiye naulizwa kulikoni. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naweka yote hapa, wenzangu mtajazia. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa maisha ya Marekani, huu ni wa hewa na milima tu.

Kwanza toeni kichwani kwamba theluji ya springi, yaani majira ya Machi hadi Mei, ni masalia ya winta. Ina chanzo chake, ina tabia yake, na mara nyingi ndiyo kubwa kuliko zote. Ukichukua wastani wa miaka, mwezi wenye theluji nyingi Denver ni Machi. Siyo Desemba ya Krismasi, siyo Januari. Aprili nayo haiko mbali. Theluji ya mwisho mjini kwa wastani huanguka mwishoni mwa Aprili, na jalidi ya mwisho ni mapema Mei. Huo ni wastani, maana yake ipo miaka mingi inayovuka hapo. Hata Juni imewahi kuandikwa theluji hapa mjini, achilia mbali milimani.

Sababu inaonekana kwenye ramani. Denver iko mita 1,609 juu ya usawa wa bahari. Magharibi yake umesimama ukuta wa milima ya Rockies, mashariki ni tambarare inayoteremka taratibu mpaka Kansas na kuendelea. Winta dhoruba nyingi hutoka Pasifiki, na zikitufikia zimeshamwaga mzigo wao ng'ambo ya milima. Kinachobaki ni theluji kavu, nyepesi, unaisukuma kwa ufagio na maisha yanaendelea.

Springi mambo mawili hukutana. Huko juu angani ule mkondo wa upepo mkali bado unashusha baridi kutoka Kanada. Huku chini Ghuba ya Mexico imeanza kupata joto na hewa yake imejaa unyevu. Sasa mgandamizo mdogo wa hewa ukijikita kusini mashariki mwa Colorado, upepo unauzunguka kinyume na mishale ya saa. Unaichota ile hewa ya Ghuba, unaizungusha, na unatuletea kutokea mashariki. Mbele yake kuna milima, kwa hiyo haina pa kwenda ila juu. Ikipanda inapoa, ikipoa inamwaga. Dhoruba ikisonga haraka mnapata kidogo. Ikigoma hapo siku moja na nusu, mtafukua.

Kwa hiyo joto lile lile linalowadanganya ndilo linalobeba mzigo. Mimi siangalii jana kulikuwa na joto gani. Naangalia upepo unatoka wapi. Ukiona Aprili umegeuka na kuanza kuvuma kutoka mashariki au kaskazini mashariki, na mawingu yamelalia vilima vya Golden na Boulder, usipange safari ya mlimani kesho.

Mnaotaka ushahidi: Aprili 14 na 15, 1921, pale Silver Lake, milimani juu ya mji wa Boulder, zilianguka inchi 75.8 ndani ya saa 24. Ni zaidi ya sentimita 190, mtu mrefu anafukiwa. Hiyo ni rekodi ya saa 24 kwa Marekani ukiiacha Alaska, na imewekwa mwezi ambao maduka ya huku yamejaza mbegu za maua mlangoni. Machi 17 hadi 19, 2003, Denver ilipata inchi 31.8, sawa na sentimita 81, vijiji vya mlimani vikapita mita 2, na lile paa la kitambaa la uwanja wa ndege wa kimataifa likachanika kwa uzito. Katikati ya Machi 2021 uwanja huo huo ukapima inchi 27.1.

Lakini ninayowasimulia wageni siku zote ni ya Mei 2022. Alhamisi ya tarehe 19 Denver ilipita nyuzi 30 za Selsiasi, watu wamewasha viyoyozi. Ijumaa jioni theluji inaanguka. Miti ilikuwa imeshatoa majani, na jani linashika theluji ambayo tawi tupu lingeiachia. Matawi yakakatika mji mzima, yakaangukia nyaya, maelfu ya nyumba zikalala gizani. Kule Cripple Creek ilifika nusu mita. Tarehe 20 Mei hiyo!

Kuhusu watabiri, wengi mnawatukana bure. Springi hewa ya hapa inachezea pale pale penye sifuri. Ikiwa nyuzi 2 ni mvua baridi tu, ikiwa sifuri ni sentimita 25. Na kuna jambo jingine: mvua ikiongezeka nguvu, chembe za theluji zinazoyeyuka njiani zinanyonya joto la hewa, hewa inapoa, na mvua inageuka theluji bila baridi mpya kuja kutoka popote. Ndiyo maana unaambiwa "kati ya sentimita 5 na 30". Si uvivu wa kazi. Wanakwambia ukweli kwamba nyuzi moja tu itaamua. Uwanja wa ndege ulioko tambarare unaweza kulowa tu wakati Evergreen, kule mlimani, mwendo mfupi kwa gari, wanafukua milango.

Sasa wenzangu wa semi. Barabara ya I-70 inatoka Denver mita 1,609 na kufika handaki la Eisenhower, mita 3,401, ndani ya maili sitini hivi. Mjini manyunyu, Idaho Springs theluji ya maji, Georgetown nyeupe, handakini huoni boneti yako. Sheria ya minyororo ya kufunga kwenye tairi mnaijua: kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, lori la biashara kati ya Morrison na Dotsero lazima liwe na minyororo ndani, hata kama jua linawaka. Someni tena: MEI 31. Waliotunga sheria hiyo waliijua milima yao. Taa za agizo la minyororo zikiwaka na wewe hujafunga, faini ni zaidi ya dola 500. Ukiziba barabara kwa sababu hukufunga, ni zaidi ya dola 1,000, na bosi hatakulipia.

Wenye gari dogo msijione mmepona. Kipande hicho hicho, miezi hiyo hiyo, barabara ikiwa na theluji au barafu, tairi zako lazima zifae. Tairi kipara inakutafutia kesi hata kama gari linavuta kwa miguu yote minne.

Jambo la mwisho kwenye barabara ni saa. Mchana wa Aprili jua la huku ni kali, theluji ya lami inayeyuka hadi unafurahi. Saa moja usiku maji yale yale yanaganda, hasa kwenye kona zenye kivuli cha mlima, na hayaonekani. Ajali nyingi ninazozikuta springi hazitokei dhoruba ikipiga. Zinatokea jioni ya siku inayofuata, mbingu safi kabisa, watu wakiamini mambo yamekwisha.

Tiririkeni.

---

Kijana_wa_Temeke

Mkuu huku jasho linatiririka na umeme umekatika tangu asubuhi. Hiyo theluji haifungashiki kwenye ndoo mtutumie?

---

Mgeni_FoCo

Shikamoo mkuu. Mimi ni mwanafunzi, nimefika Fort Collins Januari. Wikiendi hii tumepanga kwenda hifadhi ya Rocky Mountain kupitia mji wa Estes Park, tunataka kupanda kwa miguu hadi ziwa la Dream Lake. Simu inasema Jumamosi mchana nyuzi 14 na jua. Usiku mvua. Tupo salama au tujipange upya?

---

Semi_la_Aurora

Marahaba mdogo wangu. Hizo nyuzi 14 ni za Fort Collins au za Bear Lake? Angalia vizuri. Simu inakupa ya mjini ulipo. Fort Collins iko kama mita 1,500, maegesho ya Bear Lake unakoanzia kupanda yako karibu 2,900. Kadiria nyuzi sita au saba pungufu kwa kila mita elfu, hapo hujahesabu upepo. Na hiyo "mvua usiku" ya Fort Collins, kule juu ni theluji, hiyo haina mjadala.

Utabiri wa bure wa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa, weather.gov, unakuruhusu kubofya mlima wenyewe kwenye ramani. Bofya pale unapokwenda. Barabara zote angalia COtrip, tovuti ya hali ya barabara za Colorado, kabla ya kuwasha gari.

Njia ya Dream Lake mwezi huu bado imejaa theluji iliyokanyagwa hadi imekuwa barafu. Raba za mpira wa kikapu zitakuaibisha. Estes Park wanakodisha vyuma vya kuvalisha chini ya kiatu, kodini. Tokeni asubuhi mapema, saa sita mchana muwe mnateremka. Na msiache njia mkafuata nyayo za watu wanaokwenda kuteleza kwenye miteremko, hao wamebeba vifaa vya kutafutana chini ya theluji ikiporomoka. Ninyi mmebeba chapati.

---

Mgeni_FoCo

Hahaha nimekuelewa. Ila hayo maporomoko ya theluji si ni mambo ya winta? Aprili theluji si imeshashikamana?

---

Tela_la_Wyoming

Dogo, ngoja nikujibu mimi. Aprili 20, 2013, Sheep Creek, jirani na Loveland Pass, ile barabara inayovuka juu ya mlima. Watu watano walikufa siku moja, na walikuwa na vifaa. Kule chini palikuwa na tabaka dhaifu lililokaa tangu mwanzo wa winta, theluji nzito ya springi ikaliongezea mzigo, likaachia. Tarehe ishirini Aprili.

Kuna na aina ya pili ambayo ni ya springi hasa. Usiku usipoganda vizuri, mawingu yakifunika mlima kama blanketi, theluji inaamka asubuhi tayari imelegea. Jua likiipiga, maji yanapenya chini, linateremka tope zito la theluji linaloondoka na miti. Kanuni ya wenyeji: kama usiku hakukuganda, usipande. Kama buti linazama hadi magotini, umeshachelewa, geuza. Kituo cha Colorado cha taarifa za maporomoko, CAIC, kinatoa ripoti kila siku na bure. Kasome kabla ya kubishana humu.

Nikija kwako Semi, umewapendelea wa I-70. Njooni huku I-80 kati ya Cheyenne na Rawlins mkaone. Kilele cha barabara yote ya I-80, kutoka bahari hadi bahari, kiko hapa kati ya Cheyenne na Laramie, mita 2,633. Theluji yenyewe si nyingi kama yenu, tatizo ni upepo. Sentimita 10 zikianguka, upepo unazihamisha kutwa nzima kutoka upande huu wa barabara kwenda ule, na mbele huoni kitu ingawa mbinguni ni bluu. Barabara inafungwa hata Mei, geti linashushwa, unalala Laramie na wenzako mia mbili, choo kimoja. Tela tupu ndiyo mbaya zaidi. Upepo unalilaza kama kopo.

---

Semi_la_Aurora

Tela nakubali, Wyoming ni adhabu. Ila ninyi hamna Loveland Pass. Kwa wasiojua: mwenye mzigo wa hatari, petroli, gesi na kadhalika, haruhusiwi kupita handakini siku za kawaida. Anapandishwa juu, mita 3,655, kona kali na shimo pembeni. Njia hiyo ya juu ikifungwa kwa dhoruba ndipo anavushwa handakini kwa makundi, wengine wote wakiwa wamesimamishwa. Springi inafungwa na kufunguliwa, inafungwa na kufunguliwa. Unaweza kuvunja ratiba ya wiki nzima pale Dillon ukinywa kahawa ya kituo cha mafuta.

---

Nesi_wa_Nyeri

Hamjambo wote. Mimi ni Mkenya, niko hapa Denver, nafanya kazi ya uuguzi. Wanaume mmeongea ya malori, hebu niongeze ya mwili.

Theluji ya springi inaua watu wakiwa nyumbani kwao. Ile ya Januari ni hewa tupu. Hii ya Aprili imejaa maji. Chukua sentimita 30 za theluji ya maji, kila mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 35 na zaidi. Mahali pa kuegesha magari mawili unahamisha tani moja na nusu kwa mikono, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye baridi inayobana mishipa, katika mji wenye hewa nyepesi. Mzee wa miaka hamsini na tano mwenye presha, ambaye tangu Novemba hajafanya zoezi lolote, anatoka mbio kwa sababu kazini saa mbili. Hapo ndipo moyo unagoma.

Sukuma, usiinue. Kama lazima uinue, jaza nusu koleo. Anza mapema theluji ikiwa bado inaanguka, toa kidogo kidogo, usingoje iishe. Ukisikia kifua kimebana, taya linauma, au mkono wa kushoto umekufa ganzi, usijikaze kiume. Piga 911, kaa chini.

Ya pili inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja, na nitaisema bila kupamba. Umeme ukikatika, USIWASHE JIKO LA MKAA NDANI. Wala jenereta kwenye gereji, wala jiko la gesi la kambini sebuleni. Madirisha ya huku yamezibwa ili joto lisitoke, kwa hivyo na kaboni monoksaidi haitoki. Haina rangi, haina harufu. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja, na watoto ndio wanaanza. Kule nyumbani tulizoea jiko chumbani kwa sababu bati lilikuwa na mianya. Huku mianya hakuna. Na gari likikwama na theluji imeziba ekzosi, kabla ya kuwasha injini upate joto, shuka uifukue ekzosi kwanza.

---

Semi_la_Aurora

Dada yangu ubarikiwe. Mods, hiyo ya jiko kama inawezekana ibandikwe juu.

---

Papa_Uvira

Salamu ndugu zangu. Mimi ni Mukongomani wa Aurora, nina bustani na wamama wa kanisa letu. Mumesahau shamba!

Hapa siri ni moja, na hata Wazungu wa jirani wanaisemaka: usipande kitu chororo mbele ya Siku ya Mama, ile siku ya pili ya Yenga (Jumapili) mwezi wa tano. Lenga-lenga (mchicha), nyanya, pilipili, maboga, maharagi, vyote vinangoja. Mtu akiona jua la mwezi wa ine anaharakisha, baridi inamuletea bei. Lakini si vyote. Sukuma, vitunguu, mbaazi za kijani, spinachi, karoti, hizi zinavumilia. Sisi tunazipandaka mwisho wa mwezi wa tatu, theluji inazifunika, inayeyuka, na zinaendelea. Ile theluji ni maji ya bure na inalinda kuliko baridi kavu ya usiku wenye nyota. Baridi kavu ndiyo muuaji.

Wakitangaza jalidi, funika mbele jua halijazama ili joto la udongo libaki. Shuka ya kitanda ni nzuri, ndoo ni nzuri. Plastiki ikigusa majani, pale inapogusa panaungua. Asubuhi ondoa. Mti wa matunda wenye majani, theluji ikijaa, chukua ufagio, sukuma tawi kutoka chini kwenda juu, polepole. Ukipiga kutoka juu unalivunja.

Wakubwa nao hawaponi. Kule Palisade, ngambo ya milima, wanakolima pichi zinazojulikana Amerika yote, mwezi wa ine 2020 jalidi iliwaharibia sehemu kubwa ya mavuno. Miti ilikuwa imetoa maua. Wana mafeni makubwa kwenye milingoti ya kusukuma hewa ya joto ishuke chini kwenye miti, lakini feni inasaidia kama kuna hewa ya joto hapo juu. Baridi ikijaza bonde lote kuanzia chini hadi juu, feni inapuliza baridi tu.

---

Mbishi_Mstaafu

Uzi mzuri, ila mnakwepa neno. Haya ni mabadiliko ya tabianchi, mkubali. Leo nyuzi 30 kesho theluji, lini ilikuwa hivyo?

---

Semi_la_Aurora

1921, mzee wangu. Nimeandika hapo juu. Kupanda na kushuka ghafla ni tabia ya mahali hapa: mlima upande mmoja, tambarare iliyo wazi hadi Kanada upande mwingine, hakuna kinachoizuia baridi ikiamua kushuka. Theluji ya Mei haithibitishi tabianchi na wala haiikanushi. Waliokuja na ile "mbona theluji Mei kama dunia inapata joto" nao wakae kimya.

Panapobadilika ni kwingine, na ndipo pa kuogopa. Akiba ya theluji milimani kwa kawaida hufika kilele mapema Aprili, kisha inayeyuka taratibu hadi Juni, Julai. Hiyo ndiyo benki ya maji. Mto Colorado unaoanzia huku unategemewa na watu kama milioni 40, hadi Los Angeles na Phoenix. Siku hizi magharibi ya Marekani akiba hiyo inaelekea kuyeyuka mapema kuliko zamani. Ongeza vumbi jekundu linalopeperushwa na upepo wa springi kutoka majangwa ya Utah na Arizona, linatua juu ya theluji, weupe unapotea, jua linanyonywa badala ya kurudishwa, benki inafilisika wiki kadhaa kabla.

Kwa hiyo mimi dereva naichukia dhoruba ya Aprili, lakini mkulima anaipigia magoti. 2002 huku kulikuwa na ukame mbaya, moto wa Hayman uliteketeza misitu Juni ile. Ile dhoruba ya Machi 2003 iliyochana paa la uwanja wa ndege ndiyo iliyoanza kuwatoa watu kwenye mgao wa maji. Waulize waliokuwepo, watakulalamikia mgongo na kushukuru kwa pumzi hiyo hiyo.

---

Mzawa_wa_Marangu

Mimi niko nyumbani, Marangu. Nimesoma nikacheka kwa sababu na sisi Kibo inakuwa nyeupe zaidi masika, Machi hadi Mei, siyo miezi ya baridi yetu ya Juni na Julai. Mvua ikitunyeshea sisi ndizini, juu mita 5,895 inaanguka theluji. Wapagazi wanaichukia miezi hiyo, njia zinazama na mawingu hayaachii. Kumbe ni unyevu, siyo baridi peke yake.

---

Semi_la_Aurora

Ndicho ninachokisema tangu juu mkuu. Baridi bila unyevu haina theluji ya maana. Asante.

---

Dada_wa_Springs

Kaka Semi, mimi niko Colorado Springs. Umesahau Monument Hill! Wanaokuja kwetu kutoka Denver kwa I-25 wanadhani ni tambarare tupu, kumbe katikati kuna mgongo wa mita 2,241. Denver mvua, kwetu mvua, pale katikati magari yamelala mtaroni. Kila springi.

Sasa nina swali la dhati. Mama yangu anakuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza, tiketi ni Mei 10 hadi mwisho wa mwezi. Anataka kuona "theluji na milima" lakini ana miaka 68 na magoti. Nimletee nguo gani na nimpeleke wapi?

---

Semi_la_Aurora

Karibu dada. Mama yetu anakuja mwezi mgumu kuliko yote kupakia begi, lakini mzuri. Asinunue koti huko Tanga, mtanunua huku kwenye maduka ya mitumba, mwezi wa tano makoti mazuri ni bei ya chai. Aje na vitenge vyake na sweta. Mvalishe tabaka tabaka: fulana, sweta, koti lisilopitisha maji juu. Mchana atavua mawili, jioni atayarudisha. Viatu visivyoteleza, hapo usibane pesa. Na miwani ya jua. Jua likipiga theluji mbichi kwenye mwinuko huu, macho yanawasha usiku kama yametiwa mchanga.

Siku mbili tatu za kwanza msimpandishe popote. Anatoka usawa wa bahari, Springs yenyewe ni zaidi ya mita 1,800. Maji mengi, apumzike. Kama ana dawa za presha, azungumze na daktari wake kabla ya safari.

Barabara mbili ambazo kila mtu atakutajia, Trail Ridge na Independence Pass, zote zinapita mita 3,600, na kwa kawaida zinafunguliwa mwishoni mwa Mei, karibu na ile sikukuu ya Jumatatu ya mwisho. Theluji ikiwa nyingi zinachelewa. Usimuahidi. Mnaye jirani Garden of the Gods, ile bustani ya miamba, kuingia bure, njia zina lami, na nyuma yake Pikes Peak ya mita 4,302 itakuwa nyeupe tupu. Picha zake za Tanga zitatoka pale pale bila kupanda hata ngazi. Mkitaka ashike theluji kwa mkono, twendeni Loveland Pass siku ambayo COtrip inasema iko wazi na upepo umetulia, ashuke garini, ashike, arudi garini. Dakika kumi zinatosha. Arapahoe Basin, uwanja wa kuteleza kwenye theluji, iko upande wa pili, na kwa kawaida bado wanateleza hata Juni, ataona watu wakiteremka na fulana mwezi ambao anajua Marekani kuna joto.

---

Dada_wa_Springs

Nimehifadhi yote. Mungu akuzidishie.

---

Mgeni_FoCo

Mrejesho: tumeahirisha Jumamosi. Swali la mwisho mkuu, baada ya Mei 31 ndiyo tunapumua?

---

Semi_la_Aurora

Theluji, kwa mjini, kwa kawaida ndiyo. Kisha ni mvua ya mawe, na yenyewe wakati mwingine haingoji Mei iishe. Unyevu ule ule wa Ghuba, hewa ya chini imepata joto zaidi, unapanda kwa kasi mchana na kuganda huko juu. Mei 8, 2017, mawe yalipiga magharibi mwa Denver hadi jengo la maduka la Colorado Mills, Lakewood, likafungwa kwa miezi, na hasara yote ikapita dola bilioni 2. Kama gari lako halina gereji, angalia bima yako leo hii. Ile ya kuwalipa wengine tu haigusi mawe, unahitaji inayofunika gari lako lenyewe. Wiki ijayo nafungua uzi wa hiyo, anayejua fundi mzuri wa kunyoosha bodi bila rangi upande wa Aurora anitumie inbox.